Namba Saba

Kidato cha pili, shule ya kata, Hombolo.
Upepo wa Agosti umeingia na vumbi lake
ukakaa dawati la mbele kama mkaguzi.
Nimeandika ubaoni, chaki ikinivunjikia mara mbili:
stop, remember, forget, try.
Vitenzi hivi, nikawaambia, vina ndimi mbili.

Sisi kwetu rahisi. Tuna ku- moja
inabeba kila kitu, kama ndoo ya lita ishirini:
kulima, kuvuna, kudaiwa, kufa.
Kulima ni kazi. Nataka kulima.
Kulima kule kule, ku- ile ile,
hakuna anayeiuliza ilikotoka wala inakokwenda.

Mwingereza ana ndoo mbili.
Moja ina mkia, -ing:
jambo limeshatulia, limekuwa kitu,
unaweza kulizunguka ukalitazama mgongoni.
Nyingine inatanguliwa na to,
na to ni kidole, kinaonyesha mbele,
pale ambapo jambo bado halijafika.

Enjoy anataka mkia. Want anataka kidole.
"Kwa nini?" akauliza Chidawali,
yule anayeuliza kwa nini hata kengele ikilia.
Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi: kariri.
Ndoa nyingine hukuti sababu, unakuta cheti.

Usiku, kwa taa ya sola inayokata pumzi,
nasahihisha. Karatasi ya thelathini na moja,
Nyemo Chihoma, mwandiko umelala kushoto.
Namba saba: tunga sentensi kwa kutumia stop.
Ameandika: My father stopped to drink.

Kalamu nyekundu ilishuka kabla ya akili.
Nikafuta, nikaweka drinking,
nikaandika pembeni kwa huruma ya mtu mwenye jibu:
*Ulitaka kusema ameacha kunywa. Hongera kwake.
Lakini ulivyoandika, amesimama ili anywe.*
Sifuri.

Asubuhi alikuja mezani,
karatasi ameikunja mara nne.
"Mwalimu, namba saba sikukosea."
Nikachukua chaki nimwelekeze tena,
mkia huku, kidole kule.
Akangoja nimalize. Ana adabu.
"Baba aliuza kreti sita za zabibu.
Alikuwa anakuja huku, kulipa mchango wangu wa chakula.
Njiani kuna kwa mama Sechelela, wanauza wanzuki.
Akasimama.
Ili anywe.
Ndiyo sentensi yangu."

Darasa la pili walikuwa wanaimba jedwali la saba,
saba mara tatu, saba mara nne.
Nilitazama viatu vyake, kisha vyangu.
Nikafuta sifuri, nikaweka mbili juu ya mbili,
na wino mwekundu ukafanya doa
pale palipokuwa na hongera yangu.

Miaka kumi na moja nafundisha forget.
Forget na kidole: hukufanya.
Forget na mkia: ulifanya, kumbukumbu imekutoka.
Mimi nilisahau kuuliza.
Andikeni wenyewe ni ndoo ipi.

Wakati wa chakula Nyemo hakupanga foleni.
Alikaa nyuma ya maktaba na kitabu,
akisoma, au anataka kusoma,
kwa mbali huwezi kutofautisha.
Nilimwambia mpishi ampe sahani, jina liandikwe langu.

Jumamosi nilivaa kitenge cha heshima,
nikapita kando ya mizabibu iliyokwisha kuvunwa,
majani yameanza kuungua kingo,
hadi kwa baba yake. Alikuwa ananoa mkasi wa kupogolea.
Akanipa kigoda. Akaendelea kunoa.

Juu ya try niliwafundisha hivi:
na kidole, ulipambana, pengine ukashindwa;
na mkia, ulionja tu uone kama itafaa.

Nilijaribu kuongea naye.
Hapo ninaishukuru ku- yetu, ndoo yetu moja:
haisemi kama niliweza.